Kilo Moja ya Michembe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua imeanza leo alasiri, na mimi nimeanika uani mita arobaini za kitambaa cha mapazia ya Mwalimu Elina. Kitambaa nakifua kabla ya kukata ili kisije kurudi na kuwa kifupi baada ya mteja kulipa. Mafundi wengi hawafanyi hivyo. Nimeanua mbio, nusu kimelowa, nikaingia chumba cha kushonea, nikavua ndala, nikaweka miguu chini ya cherehani. Sakafu ya baridi ndiyo iliyonikumbusha: zulia halipo.

Niandike yalivyokuwa, nisije nikabadilisha nikiwa na hasira. Mama tulimzika Mnyuzi mwezi wa kwanza, matanga tukamalizia hapa kwangu Masuguru. Sisi ni Wanyamwezi wa mkonge. Babu aliletwa kukata mkonge, hakurudi tena, na mimi Tabora sijawahi kuikanyaga. Lakini kwa Wazigua tumebaki watani, na rafiki yangu Zuena ni Mzigua wa Sindeni. Siku hiyo alivaa gauni la marehemu, akashika mkongojo wake, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi kile kile cha mama. "Nipeni uji," akasema, "kufa kunachosha." Watu walicheka mpaka katekista akaondoka kwenda kusimama nje. Nilicheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Kisha akaingia chumba hiki na kutoka na zulia begani. Ni la mkonge, mama alilifuma mwenyewe kwa singa za kiwandani, mistari myekundu na myeusi.

"Hili nimeliteka," alisema mbele ya wote. "Mpagazi akilitaka, alete kilo moja ya michembe. Asipoleta nitamtandikia mbuzi."

Mpagazi ni mimi, kwa utani wa Wanyamwezi wabeba mizigo. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, chakula cha huko kwetu ambako sijafika. Kwa utani mtu akichukua chako hukasiriki, unakikomboa. Sikukasirika. Nilijua angelirudisha ndani ya wiki, maana mimi na Zuena tumetoka mbali, tumeuza maandazi pamoja stendi ya Korogwe tukiwa wasichana. Sasa masika imeanza na miguu yangu iko kwenye saruji.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimekunja kanga mbili, nimeziweka chini ya cherehani. Hazitoshi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Bhavna kununua ringi za mapazia. Dukani kwake ndiko habari zote za Korogwe hupumzika kabla ya kuendelea na safari.

"Dada Rhoda, Zuena alikuwa hapa," akaniambia kabla sijaketi. "Amechukua shela ya mapazia ya rangi ya chai, mita nyingi. Anatengeneza ukumbi kwenye ule mgahawa wake wa Handeni. Bendi itapiga kila Jumamosi baada ya Idd. Yaani yule mama ana jicho la vitu vizuri."

Nikamuuliza nani anamshonea.

"Amesema atashona mwenyewe. Ati akikupa wewe utamtoza bei ya mtani."

Nimecheka kwa sababu Bhavna alikuwa ananitazama. Nimeshona mapazia ya nusu ya nyumba za mji huu. Nilianza na cherehani ya kuazima, leo ninazo tatu na wasichana wawili wa kunisaidia. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusema Rhoda ana jicho. Mimi huambiwa nina bei nzuri.

Jumatatu, 10 Machi

Zuena ameweka picha kwenye stetasi. Zulia liko ukutani.

Amelitia kwenye fremu ya mbao, amelitundika kwenye ukuta wa rangi ya udongo, juu yake taa ndogo ya shaba inayoangaza kuelekea chini. Shela imeanguka pembeni, na marinda nimeyakagua: hayalingani, moja lina upana wa vidole vinne, lingine vitano. Hakuna atakayeyaona. Jicho linakwenda moja kwa moja kwenye zulia. Ule wekundu sikuujua. Kwangu ulikuwa rangi ya vumbi.

Nimemwonyesha Jacob, mume wangu, akiwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Amevaa miwani, ameitazama muda.

"Kumbe ni zuri hivi," akasema.

"Limekaa chini ya cherehani yangu miaka tisa, Jacob. Wewe ulikuwa unalifutia viatu."

"Halikuwa na taa," akasema, akarudi kwenye madaftari.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua usiku kucha. Mapazia ya Mwalimu Elina yameisha. Amesema bei ni nzuri.

Alhamisi, 20 Machi

Zuena yuko Tabora.

Mwanawe amehamishiwa kazi huko, amekwenda kumwona. Huyu hajui kukaa. Mwaka jana alikuwa Lushoto, akaenda Pangani, akaenda Kigoma kuangalia ziwa tu, ziwa lenyewe hana shughuli nalo. Kila safari anarudi na kitu cha kutundika: ungo, kinu kidogo, picha ya kuchora ya twiga aliyopewa na kijana wa barabarani. Mimi safari yangu ndefu ni Dar es Salaam kununua vitambaa, naenda alfajiri na kurudi jioni.

Picha ya leo amesimama mbele ya stesheni ya reli ya Tabora, kitambaa kichwani, anacheka. Chini ameandika: "Wanyamwezi wote nimewakuta wapo. Mmoja tu ndiye kapotelea Korogwe."

Baadaye akanitumia sauti. "Mpagazi, uko wapi? Niko sokoni kwenu hapa, michembe inauzwa kwa debe. Nimeishika kwa mikono yangu. Sikuletei hata kipande. Utakuja mwenyewe, na mguu utavimba."

Nilimjibu kuwa mla bada kama yeye, aliyezoea ugali wao wa muhogo, akionja chakula cha watu ataharisha. Akacheka kwenye sauti ya pili mpaka akakohoa. Kisha nikaweka simu chini na nikawa na uchungu nisioweza kuupima. Amekwenda kwetu kabla yangu. Amesimama mahali babu alipopandia treni, yeye ambaye hahusiki, amepiga picha na kuondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Zuena ametuma pilau kwa dereva wa Noah ya abiria, sufuria nzima, na ujumbe: "Kula taratibu, huku si kambi ya mkonge." Pilau ni tamu. Sijamwambia.

Jumapili, 6 Aprili

Jana ndiyo bendi imeanza Handeni. Jacob amekwenda na walimu wenzake, mimi nilisema nina kazi. Kazi ilikuwepo, foronya sita. Amerudi na macho ya kijana. Anasema mpiga gitaa anaitwa Mhina, mzee wa Kisambaa mwenye kofia, anapiga zile nyimbo za zamani za dansi polepole mpaka mtu unajiona umeketi ndani yake. Watu wametoka Korogwe, wametoka hata Muheza.

"Na zulia la mama wanalipiga picha," akasema. "Kuna mabinti wawili wa Tanga walisimama mbele yake kama mbele ya kioo."

Anaimba bafuni. Hajaimba bafuni tangu tumehamia nyumba hii.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimetundika kitenge kwenye ukuta wa sebuleni, nikakiwekea taa ya mezani kwa chini. Kinafanana na kitenge kilichoanikwa. Nimekitoa kabla Jacob hajarudi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nitaandika mengi, na kazi imesimama.

Jacob alikwenda tena jana. Asubuhi hii, tukinywa chai baada ya ibada, akaniambia, "Sikujua habari ya ule mstari."

"Mstari gani?"

"Uliopinda. Kwenye zulia."

Zulia lina mistari kumi na mmoja. Kumi imenyooka kama reli. Wa tano kutoka chini unakwenda vizuri mpaka katikati, halafu unapanda ghafla, unayumba, kisha unashuka na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Tangu utoto nauona kama kosa. Nilipokuwa fundi nilimwambia mama nitaufumua niunyooshe, ni kazi ya siku moja. Akasema, "Acha." Sikuuliza kwa nini. Mama alikuwa mtu wa neno moja, nami nilikuwa na haraka.

Jacob akasimulia. Jana kati ya nyimbo, Zuena alishika kipaza sauti, akawaonyesha wageni zulia. Akasema mama mmoja wa kambini Mnyuzi alikuwa analifuma jioni akitoka zamu ya kiwandani. Siku moja akiwa katikati ya mstari uchungu wa uzazi ukamshika. Mkono ukateleza, singa ikapanda. Akaweka kazi chini, akaenda kujifungua. Aliporudi baada ya siku kadhaa, shoga zake wakamwambia afumue aanze upya. Akakataa. Akasema aliyeupinda yupo kitandani analia, na hafumuliwi.

"Halafu Zuena akasema mtoto mwenyewe ni mpagazi fulani wa Masuguru, ana miguu ya baridi. Watu wakapiga makofi. Mhina akapiga wimbo."

Jacob alidhani nimeijua hadithi hii miaka yote. Aliponiona uso akajimiminia chai ambayo hakuinywa.

Mimi ndiye niliyemuuguza mama. Miezi kumi na minne alilala chumba cha mbele hapa. Dawa nilinunua mimi, godoro la maji nilifuata mimi Tanga, shuka nilifua mimi. Niliingia asubuhi na jioni kumuuliza kama amekula, kama kifua kinauma. Akasema ndiyo au hapana. Zuena alikuja kila Alhamisi, siku ya gulio, na mikono mitupu, akaketi kitandani, wakacheka saa nzima, mlango umefungwa. Niliwasikia kutoka kwenye cherehani. Nikawa nasema moyoni, ni vizuri mgonjwa anachangamka. Sikuwa nasema kweli. Nilikuwa nahesabu Alhamisi.

Sasa najua walichokuwa wanaongea. Siku ya kuzaliwa kwangu amepewa mtu mwingine, naye ameipeleka Handeni na kuiwekea taa.

Nimefanya jambo la akili. Nimempigia Bhavna, nikamuuliza zulia la mkono la ukubwa ule linauzwaje kwa watalii. Akanitajia. Nikajumlisha fremu, nikajumlisha taa, nikaongeza kidogo asije akasema nimempunja, nikamtumia Zuena kwa simu. Nikaandika: "Hiyo ni thamani kamili ya zulia na gharama zako. Naomba unirudishie."

Namba zinakaa sawa. Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Pesa imerudi yote. Chini yake ujumbe:

"Dada Rhoda, habari za jioni. Fedha yako nimeirudisha. Zulia ni mali yako, unaweza kulichukua siku yoyote, hakuna gharama. Nakutakia wiki njema."

Nimeusoma mara nyingi. Hauna kosa hata moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeshinda. Jumamosi nitalifuata.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikuwa kwa Bhavna napima shela, Zuena akaingia. Gauni jipya la bluu, miwani ya jua kichwani. Nikajiandaa. Nilikuwa na neno la kumjibu kuhusu miwani ya jua siku ya mvua.

"Habari za asubuhi, dada Rhoda," akasema.

"Nzuri."

"Shemeji hajambo? Wanafunzi wake wanaendeleaje?"

"Wazima."

"Namshukuru Mungu. Bhavna, nipatie vifungo vile." Akalipa, akatuaga wote wawili kwa heshima, akatoka.

Bhavna alibaki na futi mkononi. "Kuna nini? Leo hamjatukanana."

"Tumekua," nikamwambia.

"Mimi nilizaliwa duka hili," Bhavna akasema, "nikisikia mnatukanana najua ni siku kama siku zote. Leo nimedhani kuna msiba."

Nimerudi nyumbani kwa miguu na mvua ikanikuta daraja la pili. Sikukimbia.

Jumamosi, 19 Aprili

Sikwenda kulifuata zulia. Ningeweza. Noah zipo, barabara ni lami. Sikwenda.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hakuna sauti yoyote kutoka Handeni, hata ya kuuliza kama nimeshiba. Mwaka jana alinitumia picha ya punda amebeba magunia, ameandika: "Ndugu yako anakusalimu sikukuu." Mwaka huu: "Heri ya Pasaka kwa familia yote."

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda Mnyuzi kupalilia kaburi. Majani yameshafika magotini, masika haina huruma. Nikapita kwa Bibi Afisa, aliyekuwa jirani yetu kambini. Naye ni Mnyamwezi wa mkonge kama sisi, lakini yeye alizaliwa Tabora kwenyewe na kuletwa akiwa anatembea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umekonda? Mzigua wako kakuroga?"

Nikamweleza yote: zulia, hadithi, pesa, ujumbe. Alikuwa anachambua mboga, mikono ikasimama.

"Umemlipa?"

"Thamani kamili, bibi. Na fremu."

"Umemlipa mtani, bei ya sokoni, kwa simu."

"Alinikosea. Alichukua habari za mama yangu akazitangaza."

"Kwa hiyo mama yako alimwamini nani azitangaze? Wewe? Wewe ungezikunja ukaziweka kabatini." Akatupa shina la mchicha. "Rhoda, mtani ukimpa kuku mmoja mgonjwa, anacheka, mnaendelea. Ukimpa bei kamili umemfanya muuza duka. Basi naye amekupa salamu za dukani. Mbona unalia? Si ndizo ulizonunua?"

Sikuwa nalia. Nilikuwa nimetoka kaburini, vumbi.

Nikamuuliza kama anaweza kunifundisha kutengeneza michembe. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Masika hii? Michembe ni ya kiangazi, mwanangu. Utakausha kwa nini, kwa kuomba?"

Lakini amenifundisha. Viazi viache kwanza vinyauke siku mbili. Menya, kata vipande vyembamba, anika juu ya kitu safi, geuza, viingize ndani wingu likitokea. Vikiwa tayari, kipande kinavunjika kwa mlio. Kilo nne na zaidi za viazi vibichi huleta kilo moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeanika asubuhi juu ya bati la jiko, kwenye shela nyeupe iliyobaki. Kuna jua. Wasichana wa kazini wananitazama. Nimewaambia ni dawa.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua tukiwa kanisani. Nilitoka katikati ya wimbo wa sadaka. Nilichelewa.

Jumatano, 30 Aprili

Vimeota ukungu wa kijani. Jacob ameuliza harufu inatoka wapi.

Jumapili, 4 Mei

Mara ya pili. Vilikaa siku mbili vikanyauka vizuri, na mbuzi wa jirani, mama Ponsiano, akapanda kwenye matofali na kuvila vyote na kipande cha shela. Nilikwenda kumweleza. Akasema mbuzi wake hali viazi. Mbuzi alikuwa amesimama nyuma yake na shela mdomoni.

Jacob kacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na hasira, kisha nikajikuta natafuta simu nimsimulie Zuena. Jina lake lilikuwa juu kabisa, chini yake maneno yale: Heri ya Pasaka kwa familia yote. Nikairudisha simu mfukoni.

Jumamosi, 10 Mei

Jacob hajaenda Handeni leo. Anasema bila Zuena kuwachokoza watu bendi inalala. "Anatangaza nyimbo kama mtangazaji wa redio ya taifa. Hata zulia halielezi tena. Mtu akiuliza anasema ni la mteja."

La mteja.

Jumanne, 13 Mei

Mara ya tatu. Nimeacha jua, limenishinda. Nimefunika jiko la mkaa kwa ungo mkubwa, moto mdogo, viazi juu, nageuza kila nikimaliza rinda moja la pazia. Nyumba nzima inanuka moshi. Mapazia ya mteja mmoja wa Mombo nimelazimika kuyafua upya. Hasara yangu, na sijali, jambo ambalo sikumbuki kulisema maishani.

Ijumaa, 16 Mei

Kipande kimevunjika kwa mlio. Ni cheusi kingo zote, ladha ya viazi iko mbali ndani, kama mtu anayeita kutoka shimoni. Bibi Afisa amenitumia ujumbe kupitia mjukuu wake: "Hata sisi njaa ilipokuwa kali hatukula hivyo. Peleka."

Nitaendelea mpaka nipate za kutosha.

Jumapili, 25 Mei

Jana nilikwenda Handeni.

Michembe niliitia kwenye kikapu, nikafunga kanga kiunoni, nikafunga nyingine kichwani kama wale wabeba mizigo wa zamani kwenye picha. Dereva wa Noah aliniuliza kama ninahama. Jacob aliketi kiti cha nyuma, amevaa shati lake la kuendea bendi, anajifanya hanijui.

Tulifika jua linazama, mvua imetulia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mhina yuko jukwaani na kofia yake, anapiga ule mwendo wa polepole Jacob aliousema, na ni kweli, unaketi ndani yake. Nililiona zulia. Picha haikulitendea haki. Taa ya shaba inalimwagia mwanga kutoka juu, na ule mstari wa tano ndio unaong'aa kuliko yote, kwa sababu pale ulipopanda umetoka nje kidogo. Nilisimama mlangoni na wivu ukanipanda upya, wote, kama sikuwa nimeutolea jasho wiki nne. Zuena aliliona hili siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka tisa ya kuliona.

Kisha nikatia kikapu kichwani na kuingia.

Nilipita katikati ya meza, nimeinama, naburuza mguu mmoja. Mazungumzo yakapungua. Mhina aliniona, akaacha gitaa likining'inia. Zuena alikuwa kaunta na bilauri mkononi.

"Karibu, dada Rhoda," akasema. Sauti ile ile ya heshima.

"Nani dada yako, mla bada we," nikamwambia, kwa sauti ya watu wote. "Shika mzigo. Nimetoka nao Tabora kwa miguu. Nimevuka mito, nimeliwa na mbu, na wewe umeketi hapa unakula zulia langu kwa macho."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtu akiuliza huyu ni nani. Zuena aliweka bilauri chini, akafunua kikapu, akachukua kipande kimoja, akakinusa. Akakiuma. Kililia kama bati. Alitafuna muda mrefu, ananitazama, na mimi nilikuwa na kikapu mkononi.

"Mpagazi," akasema hatimaye.

"Naam."

"Hii ni michembe au umechimba reli?"

Jacob alikuwa wa kwanza kucheka, kisha meza ya mabinti, kisha kila mtu. Zuena alichukua kipaza sauti, akakishika kipande juu kama katekista. "Jamani, watu wa Handeni, oneni mateso ya masika. Huyu ndiye aliyepinda mstari. Mlikuwa mnaniuliza yuko wapi. Amekuja mwenyewe, na ananuka moshi." Watu waligeuka kunitazama, wakatazama zulia, wakanitazama tena. Sijawahi kutazamwa hivyo. Bibi mmoja akaja kunishika mkono.

"Sasa nipe changu," nikasema.

"Haraka ya nini? Nilisema kilo moja." Akaita jikoni walete mizani. Ikawekwa kaunta, watu wakasogea, kikapu kikamwagwa juu ya sahani. Mshale ulipanda, ukayumba, ukasimama.

"Gramu mia tisa," Zuena akatangaza. "Pungufu. Zulia halitoki."

Watu walizomea. Nilimwita mwizi, mchawi wa Sindeni, mla bada asiyeshiba. Aliniita mpagazi aliyekula mzigo wa bwana njiani. Tulitukanana mpaka Mhina akaweka gitaa begani na kutupigia, na tuliendelea juu ya muziki. Wakati mmoja alinivuta karibu na sikio langu, akasema bila utani, haraka, "Mama yako alisema wewe huketi. Alisema hadithi nikutunzie mpaka uketi." Akaniachia, akaendelea kunitukana.

Nimeketi. Nimesikiliza nyimbo zote. Wakati wa kuondoka, watu wanaagana, nilipanda kiti, nikaichomoa ile taa ya shaba ukutani, nikaitia kwenye kikapu kitupu na kutoka nayo. Zuena alitoka mpaka barabarani ananipigia kelele, viatu mkononi.

Jumatatu, 26 Mei

Sauti ya Zuena saa kumi na mbili asubuhi: "Mwizi wa taa. Zulia la watu liko gizani. Nakuja Alhamisi na bada ya kukombolea, na wewe uwe na gramu zangu mia, la sivyo nakunywea chai yako yote."

Taa nimeitundika chumba cha kushonea. Inaangaza sakafu tupu na kanga mbili.

Jacob ameingia kuchukua chaki. Akafunua lile kopo la bati lililo kwenye rafu ya nyuzi, akaona ndani, akanitazama. "Rhoda, hii si michembe?"

"Iliyobaki."

"Ni kama kiganja kimoja. Si ungeongeza tu? Wewe hupima kila kitu."

"Mizani ya Zuena mbovu," nimemwambia, nikakanyaga cherehani.